Kuku Hatagi: Tusiharakie Kisu



Wahenga walisema kuwa kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Msemo huu ulitujia akilini mara nyingi katika majira fulani ya baridi, tulipokuwa tukirudi kutoka bandani, nyuma ya nyumba yetu hapa Uingereza, na kikapu kitupu mkononi. Wenzetu kadhaa hufuga kuku watatu wanne uani, na kila ifikapo Oktoba na Novemba malalamiko huwa yale yale. Kwa hiyo mwezi huu tumeona tulizungumze jambo hili, tukianza na kosa letu wenyewe.

Tulinunua mitetea watatu wa rangi ya hudhurungi. Mwaka wao wa kwanza walitaga hata wakati wa baridi, tukaamini kuwa hiyo ndiyo ada yao. Mwaka wa pili, kiangazi, bibi mmoja jirani, mtu wa kwetu, alikuja kututembelea akakisifu sana kikapu cha mayai. Oktoba mayai yakapungua. Novemba yakakatika kabisa. Nyumbani kukaanza kunong'onwa habari ya jicho. Hatukumtuhumu kwa ulimi, lakini salamu zilipungua, na sahani iliyokuwa ikienda kwake kila Ijumaa ikasita.

Mwanzoni mwa Februari subira ilituishia, tukamchinja mmoja. Tulipompasua tulikuta ndani yake kishada cha viini: vingine vidogo kama punje za mtama, vingine vikubwa kama tungule ndogo, na kimoja kimekwishakaribia kuwa yai. Mjukuu wetu aliyekuwa amesimama pembeni akauliza, "Babu, kumbe alikuwa anajitayarisha?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Jibu tulilipata baadaye, na tulipaswa kulijua zamani, kwa kuwa jambo lenyewe limebandikwa katika ukuta wa kila jiko letu: ratiba ya sala. Kuku hutaga kwa kufuata urefu wa mchana. Mwanga humwingia kwa macho, na hata kupitia fuvu la kichwa mpaka kwenye ubongo, nao ubongo ndio unaotoa amri ya kutengeneza mayai. Ili atage vizuri anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Unguja, iliyo karibu na mstari wa Ikweta, tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa nzima. London mchana wa mwezi wa Juni huzidi saa 16, na ule wa mwishoni mwa Desemba haufiki hata saa 8. Hesabuni katika ratiba muda uliopo baina ya kuchomoza jua na Magharibi, nanyi mtajua kuku wenu wamo katika hali gani. Wazee wetu hawakutufundisha haya kwa sababu kwao hayakuwapo. Kuku wa kienyeji kule hukatiza kutaga kwa ajili ya kuatamia na kulea vifaranga, si kwa ajili ya giza.

Jambo la pili huja pamoja na hilo la kwanza. Kuku aliyekwisha timiza mwaka hupukutisha manyoya yake wakati wa vuli na kuota mapya. Unyoya karibu wote ni protini, na kazi hiyo huchukua wiki 8 hadi 12. Mwili hauwezi kushona nguo mpya na kutaga kwa wakati mmoja. Mkiona manyoya yametapakaa uani na kuku amekuwa kama aliyenyeshewa, msimlaumu. Mzidishieni lishe bora na mwacheni apumzike. Mitetea wachanga hawapukutishi katika vuli yao ya kwanza, na ndiyo maana mara nyingi hutaga mwaka ule wa kwanza na kutudanganya.

Wako wanaotia taa bandani. Hilo lafaa, ila mwanga uongezwe alfajiri, si jioni, kwani taa ikizimwa ghafla usiku kuku hukwama chini bila ya kuona pa kulala. Sisi tumechagua kuwaacha wapumzike.

Ikiwa mayai yamekatika katikati ya kiangazi, tafuteni sababu nyingine. Tazameni maji kwanza. Sehemu tatu katika nne za yai ni maji, na kuku aliyekosa maji kwa siku moja tu aweza kusita kwa siku nyingi. Kisha tazameni chakula. Ganda lahitaji chokaa, basi wekeni kando maganda ya chaza yaliyosagwa, nao watadonoa kadiri ya haja yao. Wali uliobaki na ukoko humshibisha kuku bila ya kumpa protini ya kutosha. Zaidi ya hayo, hapa Uingereza sheria inakataza kuwapa kuku makombo ya jikoni, hata ya nyumbani, isipokuwa katika nyumba isiyoingiza kabisa chakula chochote kitokanacho na wanyama. Twajua kuwa wengi wetu hatukulijua hilo.

Tatu, utitiri. Wadudu hawa hujificha mchana katika nyufa za vijiti wanavyolalia kuku, na usiku hutoka kunyonya damu. Nendeni bandani na tochi baada ya Isha, mpitishe karatasi nyeupe chini ya vijiti. Ikitoka na alama nyekundu, mmempata mwizi wa mayai yenu. Nne, tazameni vichakani, huenda kuku anataga mahali pa siri, au ameanza kuatamia. Tano, umri. Baada ya miaka miwili ya mwanzo mayai hupungua mwaka hadi mwaka, na hilo halina dawa.

Lakini mayai yakikatika ghafla kwa kuku wote, pamoja na kuvimba kichwa, kukosa pumzi au vifo, msingoje. Hizo zaweza kuwa dalili za homa ya mafua ya ndege, na sheria inataka serikali ijulishwe mara moja. Pia tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mfugaji wa kuku katika England na Wales, hata awe na kuku mmoja, anatakiwa kujiandikisha. Scotland ilitangulia kwa mwezi mmoja.

Hatukanushi, ndugu wasomaji, kuwa husuda ipo, na dua za kujikinga tunazisoma. Wala kumchinja kuku si kosa, kwani Mwenyezi Mungu ametuhalalishia. Kosa ni kutoa hukumu kabla ya kuchunguza. Kuku yule tulimhukumu kwa kosa la jua. Na jirani tulimhukumu kwa kosa hilo hilo. Wale wawili waliosalia walianza kutaga kabla ya mwezi wa Februari kwisha. Tukachukua mayai sita ya kwanza, tukaenda kubisha hodi kwa bibi yule na kumweleza yote. Hakuwa na habari ya kosa lake. Alidhani sisi ni wagonjwa, na kwa miezi ile yote alikuwa akituombea dua.

Hilo lilituuma kuliko kishada cha viini.

Wabillahi tawfiq.