Je, Kusoma Lugha Ni Kupoteza Fedha?

Yako maneno yasemwayo huku Uluguru ambayo hayana budi kujibiwa. Kijana apatapo nafasi ya chuo kikuu, naye akataka kusoma isimu, yaani elimu ya lugha, watu hucheka: "Tuuze mbuzi ili mtoto akafundishwe kusema? Lugha si aliinyonya kwa mamaye?"

Kusema lugha ni jambo moja, kuieleza ni jambo jingine. Mtu aweza kulala nyumbani mwake miaka 40 asijue ni nguzo ipi ichukuayo paa. Nawauliza ninyi mnaocheka: twasema, "Kitanda hiki chalala watu wawili." Je, kitanda hulala? Mbona hapana asikiaye kosa? Sote twaifuata kanuni hiyo, walakini ni wangapi wawezao kuieleza? Hiyo ndiyo kazi ya isimu. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha London, Daniel Mkude alitoa tasnifu ya udaktari juu ya sentensi za Kiluguru, hasa zile ambazo mtenda na mtendwa hubadilishana mahali. Basi lugha tuuziayo mboga Mgeta ilistahili shahada kubwa kuliko zote. Na tangu mwaka 1886 mmisionari J. T. Last alikwisha kuchapisha sarufi ya Kikaguru, lugha ya jirani zetu. Mgeni aliona thamani. Sisi wenyewe twaona hasara!

Wengine husema, "Kiluguru hakina haja ya kusomwa, sote twakijua." Shukeni Morogoro mjini mkawasikilize wajukuu wenu wachezapo: ni wangapi wakisemao? Mzee afapo Matombo, majina ya miti na dawa aliyoyajua huzikwa pamoja naye, yasipoandikwa. Nani atayaandika, ikiwa twawazuia wana wetu?

Lakini wasomi nao wana deni. Kazi nyingi za namna hii zimeandikwa kwa Kiingereza, nazo hukaa katika maktaba za mbali. Wazee waliotoa maneno yao hawazioni, na wakiziona hawawezi kuzisoma. Mavuno gani hayo, ambayo mwenye shamba haonjeshwi?

Basi, wazazi, uzeni mbuzi wala msinung'unike. Ila mtoto arudipo na shahada yake, mdaini: na atuandikie kitabu cha Kiluguru ambacho mtu wa Matombo aweza kukisoma barazani pake. Deni hilo ni la haki, na lisilipwe kwa maneno matupu.