Waacheni wazee wasimulie: klabu ya hadithi si semina

Goma, Kivu ya Kaskazini. Kuna watu ambao wakiona watoto wamekaa chini wanacheka, swali lao la kwanza ni: huu ni mradi wa nani? Wakijibiwa kwamba si mradi wa mtu yeyote, wanaleta wa kwao.

Hayo ndiyo yanayoikuta sasa klabu ya hadithi inayokutana magharibi mwa mji, karibu na barabara inayokwenda Sake. Kila Jumapili saa tisa, baada ya misa na ibada, watoto wa deplase na watoto wa wenyeji wanajaa katika uwanja wa familia moja iliyokubali kuwapokea. Chini ni mawe meusi ya volkeno. Mwenye kikwembe anatandika, asiye nacho anakalia bidoni. Mzee au mama anaanza, «Kulikuwaka siku moja...», na hata wamotari walioegesha pembeni wanazima injini. Klabu haina mhuri, haina biro, haina akaunti benki. Ina wasimulizi sita, mara wanapungua mara wanaongezeka, na ina mama mmoja wa Masisi anayekumbuka nani alisimulia nini wiki iliyopita.

Mwezi huu limefika shirika moja na zawadi. Zawadi zenyewe si mbaya: shitingi kubwa ya kuzuia mvua, mabenchi, bafle na mikro, na franka elfu tano za usafiri kwa kila msimulizi. Halafu yakaja masharti. Hadithi isizidi dakika 15. Kila hadithi ibebe ujumbe mmoja kutoka katika moduli ya shirika, na ujumbe huo utamkwe wazi mwishoni. Wote wasimulie kwa Kiswahili peke yake, kwa ajili ya kuishi pamoja kwa amani. Na watoto waandikwe kwenye orodha kabla ya kukaa, kisha wapigwe picha.

Orodha na picha watu wa kambi wamezizoea kama mvua, hazishangazi mtu. Lakini masharti matatu yaliyobaki yanaiua klabu. Yanaiua kwa upole, kwa tisheti na sabuni, ila yanaiua.

Inafaa kukumbuka klabu hii ilitoka wapi. Haikuzaliwa katika semina. Ilizaliwa Bulengo, mwanzoni mwa 2024, kwenye foleni ya maji. Vita ilikuwa imefika karibu na Sake, familia za Masisi zilikuwa zinashuka kwa wingi, na robine hazikutosha. Mtoto aliweza kukaa na bidoni yake tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Foleni ilikuwa na matusi na ngumi. Mama mmoja akaanza kusimulia ili watoto wasipigane. Kesho yake foleni ikamwomba aendelee. Baada ya siku chache mzee mmoja wa Walikale akasema naye ana zake, akafuata mama wa Rutshuru. Tarehe 3 Mei mwaka huo mabomu yaliangukia kambi za upande wa Mugunga na Lac Vert, watu wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Jioni za wiki ile wakubwa wengi hawakuwa na neno la kuwaambia watoto. Wasimulizi walikuwa nalo. Hawakueleza bomu, walisimulia fisi na ulafi wake, na watoto wakalala.

Kisha M23 ikaingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na mwezi wa Februari kambi zikavunjwa. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru wakakuta nyumba hazina paa. Wengine walibaki mjini kwa ndugu, au kwa watu waliowahurumia. Shitingi zilikwenda, matanki ya maji yalikwenda, orodha zilikwenda. Klabu ikabaki, kwa sababu haikuwa na kitu cha kuchukuliwa.

Sasa masharti. Sharti la ujumbe linaeleweka vizuri kupitia hadithi ya kisima, ambayo inajulikana katika lugha nyingi. Jua limekausha mito, wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kuchimba. Usiku anakuja kunywa, tena anaoga humo na kuyachafua maji. Wanyama wanaweka walinzi, sungura anawadanganya mmoja baada ya mwingine, mpaka kobe anamkamata. Na hata akiwa amekamatwa, anapata ujanja wa kuponyoka. Watoto wa Bulengo waliipenda hadithi hii kuliko zote. Kila mmoja alimjua sungura wa foleni yake: yule asiyepanga mstari, anayekuja na jina la mkubwa fulani mdomoni, na bidoni zake ndizo zinajaa kwanza.

Ajenti wa shirika alipoisikia alishtuka. Aliuliza watoto wanajifunza nini hapo, kwamba mwizi anaponyoka? Akapendekeza sungura aadhibiwe, kisha anawe mikono kwa sabuni, na msimulizi amalizie kwa maelezo ya kipindupindu. Mzee aliyesimulia alijibu kwamba watoto wanajua tayari kuwa mwizi anaponyoka, wameliona kwa macho yao. Yeye anawapa nafasi ya kumcheka.

Jibu hilo lina akili kuliko moduli nzima. Mtoto aliyekimbia vita mara mbili hadanganyiki. Akiambiwa kwamba mwovu huadhibiwa siku zote, anajua kwamba anayesema ama haishi katika nchi hii, ama anamfanya mjinga. Na siku nyingine hatamsikiliza, hata akiongea ukweli juu ya sabuni.

Hakuna anayesema kwamba ujumbe wa afya ni upuuzi. Kipindupindu kilipita katika kambi hizi mwaka 2023, na 2024 ikaja mpox. Wasimulizi hao hao walisimama mara nyingi kutangaza siku za chanjo na kuwakumbusha wazazi kuhusu maji ya kunywa. Walifanya hivyo kabla ya hadithi, kwa maneno ya wazi, dakika mbili, basi. Kila mtu alielewa kwamba hilo ni tangazo. Likivishwa ngozi ya sungura, tangazo linachekwa na hadithi inaoza, na shirika linaandika katika ripoti kwamba watoto kadhaa wamefikiwa.

Sharti la lugha ni baya zaidi, maana limevaa nguo ya amani. Katika uwanja ule, mama wa Masisi anasimulia kwa Kihunde, mzee wa Walikale kwa Kinyanga, mama wa Rutshuru kwa Kinyarwanda, na wakati mwingine anapita mtu wa Lubero na Kinande chake. Kijana anasimama kando ya msimulizi na kugeuza kipande kwa kipande katika Kiswahili cha Goma. Mara nyingi anakosea, na makosa yake yanachekesha kuliko hadithi. Watoto wanarudi nyumbani wakiimba kipande cha wimbo katika lugha ambayo wazazi wao hawaisemi.

Watu wazima wanajua lugha imekuwa nini katika jimbo hili. Kuna barabara ambazo mtu anafunga mdomo akizipita, kwa sababu lafudhi yake tu inatosha kumtia matatani. Mtoto wa Masisi anaisikia lugha ya mwenzake wapi, mahali ambapo haijafungamanishwa na woga? Katika uwanja huu. Labda ni mahali pekee katika wiki yake. Halafu anakuja mtu na fulana iliyoandikwa amani, anataka lugha zile zinyamaze. Huko si kuishi pamoja, ni kuogopana pamoja kwa Kiswahili.

Tena Katiba ya 2006 ililiona jambo hili katika kifungu chake cha kwanza kabisa. Inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kisha inasema lugha nyingine za nchi ni sehemu ya urithi wa utamaduni wa Kongo, na Serikali inapaswa kuzilinda. Katika miaka hii Serikali imeshindwa kulinda mambo mengi, makubwa kuliko Kinyanga. Lakini mzee mmoja anakilinda bure kila Jumapili, na anaambiwa anyamaze.

Limebaki sharti la dakika 15. Huyo mzee wa Walikale ana hadithi ya Mwindo. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, msimulizi aitwaye Rureke aliisimulia kwa siku 12, akiimba na kucheza. Hata yeye hakuwa amewahi kuitoa yote kwa mfululizo namna ile. Mbelgiji Daniel Biebuyck na Mnyanga Kahombo Mateene waliyatia maneno yake kitabuni, kikachapishwa Marekani mwaka 1969. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu cha mbali anaweza kumsoma Mwindo, na mtoto wa Walikale anayeishi Goma hana hata ukurasa mmoja. Ana mzee huyu tu.

Na hadithi yenyewe ni ya nani kama si ya watoto hawa? Mwindo anazaliwa kwa chifu ambaye hakutaka mtoto wa kiume. Baba anajaribu kumuua, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anapona. Anamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, na baada ya yote hayo hamuui, wanagawana utawala. Lakini hadithi haimwachi abaki shujaa wa picha ya ukutani. Majivuno yake yanampeleka juu mbinguni, mikononi mwa Nkuba, mwenye radi, na huko anateswa na mvua na jua mpaka anatulia. Ni kweli, mwishoni Mwindo anawapa watu wake maagizo. Anayatoa baada ya kuyalipia.

Ikatwe wapi, hiyo, ili iingie katika dakika 15? Watu wa semina wanapenda kufungua kikao kwa ule msemo wa mzee anayekufa kama maktaba inayoungua. Wanausema vizuri, wanapigiwa makofi, kisha wanaangalia saa na kumwambia mzee afupishe.

Kuna jambo moja ambalo wanaoitetea klabu hawapaswi kulikwepa: zile franka elfu tano. Wasimulizi wanne kati ya sita wamekubali masharti, na wawili wamekataa. Tayari kuna maneno katika kartie kwamba wale wanne wameuza hadithi za mababu. Maneno hayo si ya haki. Mama anayelala na watoto wanne katika chumba kimoja cha watu, anayebeba makala mgongoni ili wapate bugali, hana deni la kishujaa kwa mtu yeyote. Elfu tano kwake ni unga. Anayestahili kulaumiwa ni yule aliyefunga unga pamoja na moduli kwa kamba moja. Kama shirika linaona wasimulizi wanafanya kazi njema, liwape shitingi na mabenchi, liwalipe, na likae chini lisikilize. Kama haliwezi kulipa kitu ambacho halikukiandika lenyewe, liseme hivyo, watu wataelewa.

Wachungaji wawili watatu wanaosema kwamba hadithi za mazimwi zinaleta mapepo, hao wana nafasi ya kuhubiri asubuhi nzima ya Jumapili. Wawaachie wazee alasiri.

Na redio za hapa zisijifiche nyuma ya mashirika. Ni redio ngapi za jimbo zinampa msimulizi nusu saa bila kuuliza nani anailipia emisyo hiyo? Hadithi ikiingia hewani, mara nyingi imeingia kwa sababu kuna mfadhili, na mfadhili ana ujumbe. Simu ya kawaida inaweza kurekodi mzee kwa saa nzima. Familia zilizotawanyika Minova, Masisi na Lubero zingesikia sauti wanayoijua kutoka foleni ya Bulengo. Hakuna redio iliyokwenda na simu hiyo katika uwanja ule, na wazee hao hawaongezeki.

Jumapili iliyopita shirika lilifanya siku ya majaribio. Shitingi ilifungwa, mabenchi yakapangwa, watoto wakaandikwa majina. Mzee wa Walikale, ambaye ni mmoja wa wale wawili, alikuja kwa heshima ya mama wa Masisi aliyemwomba. Alimwanza Mwindo kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kijana wa kugeuza, bila wimbo, kwa sababu nyimbo zake hazijui Kiswahili. Dakika 15 zilipotimia simu ya ajenti ililia. Mwindo alikuwa bado ndani ya ngoma, na ngoma bado iko mtoni. Yakapigwa makofi, ikapigwa picha, ikagawiwa sabuni.

Wiki hii yote watoto wamekuwa wakipita anapolala mzee, wakitoka masomo, kumuuliza mtoto yule alitokaje mle ndani. Mzee anawaambia waje Jumapili. Hawaambii ni katika uwanja upi.