Kabla ya kompyuta, tupime kasi ya damu

Huku vimbwetani wiki hii ubishi umekuwa mmoja: zile programu za kompyuta zinazoonyesha damu inavyopita kwenye mshipa uliobanwa zina faida gani kwa mtu wa Tarime au Serengeti? Mimi nasema faida ipo, ila tunataka kuanzia mwisho.

Hesabu kwanza. Miaka ya 1840 Mfaransa Poiseuille alichapisha kanuni yake ya mirija: upana ukipungua nusu, kwa presha ileile, kinachopita kinabaki sehemu 1 tu kati ya 16! Lakini mshipa si bomba la maji. Unapinda, unatanuka, na damu inakwenda kwa mapigo. Ndiyo maana kompyuta inaukatakata mshipa vipande vidogo vidogo na kupiga hesabu za Navier-Stokes kwa kila kipande. Programu kama SimVascular hata ni ya bure. Tatizo inataka picha za CT au MRI za mgonjwa mwenyewe. Sasa jamani, hapo si ndipo tunapokwama?

Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wenye selimundu. Mishipa yao ya ubongo inaweza kubanwa, kiharusi kikafuata. Damu ikipita penye wembamba inaongeza kasi, na upungufu wa damu nao unaizidisha. Doppler ya kichwani, ambayo ni aina ya utrasaundi, inasoma kasi hiyo bila hata sindano. Wastani ukifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Bugando pale Mwanza walianza utafiti wa SPHERE mwaka 2019, wakipima watoto hivyo na kuwapa haidroksiyurea wale waliokutwa na kasi ya kutisha.

Kuna mwenzangu anasema tukisubiri tutabaki nyuma milele. Namwelewa. Lakini modeli bila vipimo ni ramli yenye michoro mizuri. Hela ya kwanza iende kwenye doppler na mtu aliyefundishwa kuitumia hukuhuku wilayani, ili mama wa Mugumu au Nyamongo asilazimike kupanda basi hadi Mwanza kujua tu kama mwanae yuko salama. Vipimo vikishakusanyika, hao wa kompyuta nao watapata cha kukokotoa.

Na sisi walimu watarajiwa, hiyo 1 kwa 16 tuifundishe kwa mfano wa damu. Mwanafunzi mwenye mdogo wake mgonjwa nyumbani hataisahau.

Nawasilisha. Mnasemaje?