Mstaafu Apime Bima kwa Nauli na kwa Watu wa Nyumbani

Mtumishi wa umma anapofikisha miaka 60, umri ambao walio wengi hulazimika kustaafu, hukabidhi mambo mengi kwa siku chache: funguo, majalada, na pengine nyumba ya Serikali aliyokuwa akiishi. Kuna jambo jingine ambalo hakabidhi kwa mtu ye yote, bali hupungua kimya kimya. Jambo hilo ni haki ya matibabu ya watu wa nyumbani mwake.

Akiwa kazini, mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hutibiwa pamoja na mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne wanaotambuliwa na sheria. Akistaafu hali ametimiza masharti ya uchangiaji, Mfuko humtibu yeye na mwenza wake bila kuwadai mchango mwingine. Hao wanne hawamo tena. Kwa maneno mengine, nyumba iliyolala jana ikiwa na kadi sita huamka leo ikiwa na kadi mbili, na mara nyingi mwenye nyumba hulitambua jambo hilo siku mtoto anapopata homa.

Yafaa ieleweke wazi kwamba kadi hizo mbili si hisani. Mfuko ulianzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, na mchango wake kwa mtumishi wa umma ni asilimia sita ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Mwalimu aliyeanza kukatwa mwaka 2001 na kustaafu mwaka 2021 alichangia kila mwezi kwa miaka ishirini, wakati ambapo pengine hakulazwa hata mara moja. Anapoonyesha kadi yake dirishani akiwa mzee, anadai alicholimbikiza.

Hata hivyo, haki hiyo imewapotosha baadhi ya wastaafu kwa njia mbili. Wapo wanaoamini kwamba, kwa kuwa kadi yao inapokewa katika hospitali nyingi za Serikali, za mashirika ya dini na za watu binafsi, basi nyumba yao nzima imekingwa. Wapo pia wanaochukua sehemu ya mafao yao wakanunua bima ya nyongeza ya kampuni, ili watibiwe katika hospitali kubwa za Dar es Salaam zenye vyumba vizuri, huku wajukuu wanaolala chini ya paa lao hawana kadi yo yote. Wote hawa huidharau bima ya jamii na kuiita kadi ya wakulima, kana kwamba mwalimu mstaafu aliyerudi kijijini hashiki jembe.

Dharau hiyo haina msingi. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga katika miaka ya 1990, kwa muda mrefu ulikuwa na kasoro kubwa, kwa sababu kadi yake haikumfikisha mgonjwa mbali. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita mikoani iliwekewa mchango wa Sh. 30,000 kwa mwaka, na mgonjwa akaweza kupanda kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi afuate ngazi na awe na barua ya rufaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, imekusudia kumwingiza kila mkazi katika bima. Majina ya kadi na viwango vya michango vinaweza kubadilika, lakini uamuzi unaomkabili mstaafu ni ule ule: aongeze uhuru wa kuchagua hospitali kwa ajili yake mwenyewe, au aikinge kaya nzima kwa utaratibu wa ngazi?

Wilaya ya Kilosa yaonyesha vizuri kwa nini swali hilo halina jibu moja kwa watu wote.

Mstaafu aishiye Kilosa mjini anayo hospitali ya wilaya karibu naye. Ngazi kwake si adhabu, kwa kuwa ngazi ya kwanza na ya pili zote amezizoea. Aidha, tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma inapita Kilosa, na hospitali za rufaa zimekuwa karibu kuliko zilivyopata kuwa. Mstaafu mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kufikiria Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma bila kuhesabu kwanza siku za safari. Kwake yeye kadi pana ina thamani halisi, kwa sababu njia ya kuitumia ipo.

Mikumi mambo ni tofauti kidogo, ingawa ni wilaya ile ile. Mji umekaa kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, na hospitali inayojulikana hapo ni ya Mtakatifu Kizito, ambayo ni ya Kanisa Katoliki. Ukitoka hapo kwenda hospitali ya wilaya, ni kupitia Ulaya (ile ya Kilosa, si ile ya ng'ambo) hadi mjini. Bima ya ngazi hutegemea zaidi vituo vya umma, na vile vya mashirika vilivyotiliana nayo mkataba. Kwa hiyo mkazi wa Mikumi, kabla ya kulipa senti moja, hana budi kuuliza kama kadi anayotaka kuinunua inapokewa katika hospitali iliyo karibu na mlango wake. Asiulize kwa jirani wala kwa wakala anayeiuza, bali dirishani, katika hospitali yenyewe. Akijibiwa hapana, bei ndogo ya kadi hiyo itamezwa na nauli.

Uhuru wa kadi pana nao usitukuzwe kupita kiasi, maana unategemea maelewano ya watu wengine. Mwezi Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha Mfuko kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama kwa sababu ya kutokubaliana juu ya bei. Kadi zilikuwa mifukoni mwa watu, michango ilikwisha kulipwa, na bado wapo waliorudishwa mlangoni. Bima ya kampuni nayo, kama ilivyo desturi ya biashara hiyo, humtazama mzee kwa jicho la hasara: umri wa kuingia una ukomo, mchango hupanda kadiri miaka inavyopanda, na ugonjwa aliokuja nao huwekewa masharti.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu mwenye mke anayetumia dawa za shinikizo la damu, na wajukuu wawili wanaosoma shule ya msingi. Yeye na mkewe wanazo kadi zao. Fedha yo yote ya bima anayoweza kuipata kila mwaka kutoka katika pensheni yake ielekezwe kwanza kwa wale wawili wasio na kadi, hata kama ni kwa bima ya ngazi, na hata kama wenzake watamcheka. Malaria na kichomi cha mtoto havihitaji daktari bingwa wa Dar es Salaam. Vinahitaji zahanati iliyo wazi na yenye dawa.

Na hapo ndipo lawama haiwezi kumwangukia mstaafu peke yake. Utaratibu wa ngazi ni ahadi ya pande mbili. Mwananchi akitakiwa aanzie zahanati, basi zahanati haina budi kuwa na mganga, kipimo na dawa. Akiandikiwa cheti akanunue dawa dukani, huyo amelipa mara mbili, na mwaka unaofuata hatalipa tena. Madiwani na kamati za afya za vituo wanalo jukumu la kuuliza juu ya jambo hili katika kila kikao, wala wasisubiri ziara ya kiongozi kutoka mkoani.

Maofisa utumishi nao wanayo sehemu yao. Semina za wastaafu watarajiwa hutumia saa nyingi kueleza kikokotoo na miradi ya kuku, mambo ambayo ni ya maana, lakini suala la matibabu hustahili zaidi ya dakika za mwisho kabla ya chakula cha mchana. Mtumishi aliyebakiza mwaka mmoja aelezwe kwa majina ni nani katika nyumba yake atakayebaki na kadi na ni nani atakayeachwa. Kumbukumbu za mwenza zihakikiwe wakati huo, pamoja na cheti cha ndoa, picha na tahajia ya majina, angali ofisini kwake na angali anaweza kumpata karani kwa kuvuka ukumbi tu. Baada ya hapo atakuwa Mikumi, na karani atabaki makao makuu ya wilaya.