Tuuache Ua Wazi, Tupande Juu

Ndugu zangu wa Manzese, Tandale, Mwananyamala, Buguruni na Temeke, wenye nyumba na wapangaji: nawaomba tuache kuuza viwanja vyetu kimoja kimoja na kuhamia mbali. Tujenge upya hapahapa tulipo, hatua kwa hatua, na tujenge pamoja.

Nyumba za mitaa yetu tunazijua hata gizani. Mlango wa mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kisha ua wenye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Nyumba hii ya Kiswahili imetulea. Upepo uliingia mbele ukatokea uani, watoto walicheza machoni pa kila mtu mzima, na aliyepanga chumba kimoja aliishi katika nafasi kubwa kuliko chumba chake. Lakini mji umejaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao zaidi ya milioni moja walioongezeka, wengi wetu tuliwapokea kwa njia moja: kujenga chumba uani. Kisha kingine. Leo kuna nyumba ambazo ua umebaki upenyo wa kupitisha ndoo, dirisha linatazama ukuta, taa inawashwa mchana, na gari la kunyonya maji taka halina pa kupita.

Aliyechoka huuza. Familia inakwenda Chanika au Mbande, inapata kiwanja kikubwa, halafu inaanza kukilipia kwa nauli na kwa saa za njiani. Mtoto anaamshwa saa kumi alfajiri. Mama lishe aliyejulikana na wateja wake Manzese anaanza upya mahali ambapo nyumba zimetawanyika. Na hukohuko wengi wanainua boma la vyumba vinne kwa mkupuo, fedha zinaishia kwenye renta, majani yanaota sebuleni. Jasho la miaka linanyeshewa mvua na hakuna anayelala ndani yake. Huku nyuma, mwendokasi unapita Magomeni, Manzese na Ubungo tangu 2016, kando ya nyumba zetu za chini zenye bati lililochoka. Tunaondoka kwenye ardhi ambayo barabara, maji, umeme na soko vimekwisha kuifikia.

Ninachopendekeza ni hiki. Wenye viwanja viwili au vitatu vinavyopakana wakubaliane kuvijenga kama kimoja. Kwanza ua urudi, uwe mmoja na mpana. Vyoo, majiko na ngazi vikae sehemu moja, kimoja juu ya kingine, ili bomba moja lihudumie wote na shimo la maji taka liwe moja lililojengwa vizuri. Kisha vyumba vya kipimo kimoja viunganishwe pembeni. Msingi na nguzo zisukwe tangu mwanzo kwa nguvu ya kubeba ghorofa mbili, ila tujenge ya chini tu, tuimalize, tuhamie. Kodi na akiba zikitosha, tunapandisha vyumba vinavyofuata. Kila hatua iishe ikiwa nyumba kamili ya mtu kuishi.

Kipimo kimoja ndicho kinacholeta nafuu. Madirisha yakilingana, fundi wa vyuma wa mtaani anatengeneza mengi kwa mkupuo. Tofali la kufungamana, lile ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelihimiza kwa miaka mingi, lina urefu wa sentimita 30. Ukuta wa mita 3 unachukua matofali 10 kwa kila mstari, bila kukata hata moja. Linashindiliwa kwa mashine ya mkono, kwa udongo na saruji kidogo. Halichomwi, kwa hiyo halimalizi miti, na linapangwa bila kupaka saruji kati ya mistari. Mchanga wetu wa pwani peke yake haufai, hivyo udongo upimwe kabla ya kufyatua.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote: asithubutu mtu kupandisha ghorofa juu ya msingi wa zamani. Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa kazini, na zaidi ya 20 wakafa. Mhandisi na kibali cha ujenzi ni lazima. Gharama yake humwelemea mwenye nyumba mmoja, lakini watu kumi wanaotumia ramani ileile wanaimudu. Kwa sababu hiyo hasa nasema tujenge pamoja.

Hili limewahi kujaribiwa. Wakazi wa Kurasini walioondolewa kupisha upanuzi wa bandari waliweka akiba kidogo kidogo, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakaunda ushirika wa nyumba na kuanza na nyumba ndogo za kuongezwa baadaye. Walifyatua vifaa kwa mikono yao. Walichokipoteza ni ukaribu na mji, na sisi ukaribu huo bado tunao. Magomeni Kota, kaya 644 zilirudi palepale zilipobomolewa, katika maghorofa yaliyofunguliwa Machi 2022, ingawa pale ardhi na fedha vilikuwa vya serikali na kungoja kulikuwa kurefu. Sheria nayo ipo: tangu 2008 mtu anaweza kumiliki kwa hati sehemu yake ndani ya jengo la wengi.

Wapangaji wasisahaulike. Wengine wamekaa nasi muda mrefu kuliko ndugu zetu wa damu, na kodi zao ndizo zilizosomesha watoto wetu. Wakae kwenye kikao, waruhusiwe kuweka akiba katika ushirika tutakaouunda na kununua chumba. Mradi unaoanza kwa kuwatoa, mimi siuungi mkono.

Halmashauri zetu tuziombe kitu kimoja kwa sauti moja: ramani za mfano za viwanja vidogo vilivyounganishwa, zilizokwisha kuhakikiwa na wahandisi wake, zitolewe kwa wananchi bila malipo, na kibali cha atakayezifuata kisichukue miezi.

Kwenye mkutano wa mtaa unaofuata, katika kila mtaa apatikane mtu wa kusimama na kuomba jambo hili liingie kwenye muhtasari. Mkutano ukifungwa, wenye viwanja vinavyopakana wasitawanyike. Waandike majina yao, namba za leseni za makazi, idadi ya wapangaji wao na kiasi ambacho kila mmoja anaweza kuweka kwa mwezi. Karatasi hiyo ndiyo tutakayoipeleka kwa ofisa ushirika na kwa mhandisi wa manispaa.