Tunamfukuza Mama, Kisha Twamwagiza Ampende Mtoto



Wapendwa waamini, katika semina za akina mama siku hizi hutolewa mafundisho mazuri: mjamzito aongee na mtoto aliye tumboni, amwimbie, alipapase tumbo lake kwa upendo. Mafundisho hayo ni ya kweli. Mtoto huanza kusikia sauti angali tumboni, na utafiti wa DeCasper na Fifer uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba mtoto mwenye umri wa siku chache huitambua sauti ya mama yake na kuipendelea kuliko ya mwanamke mwingine. Lakini nauliza: ataimba nini binti ambaye nyumba nzima imeacha kumsemesha?

Wazee wa Kiiraqw hapa Karatu wanajua nisemalo. Zamani msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alifukuzwa kwao, hali yake ikihesabiwa kuwa unajisi wa kuihatarisha jamii nzima. Baadhi yao walipata hifadhi kwa Wadatooga, watu waliohesabiwa maadui. Adui alifungua mlango ambao baba mzazi aliufunga!

Twajisifu kwamba desturi hiyo imekwisha. Imekwisha wapi? Mwaka 2017 hayati Rais Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali, nasi wengi tukapiga makofi. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021. Na kanisani je? Binti akionekana na tumbo bila pete, huondolewa kwaya juma hilohilo, na kijana aliyempa mimba huendelea kupiga kinanda.

Wapo watakaonijibu: Padre, huzuni ya mimba ni mambo ya Wazungu, mama asali rozari. Rozari na asali, nami nitasali pamoja naye. Walakini utafiti uliofanyika Mwanza kwa wajawazito 397, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta takribani mmoja kati ya watatu ana dalili za sonona. Mwanza si Ulaya. Kumwambia mgonjwa wa sonona kuwa amepungukiwa imani ni kumtwika hatia juu ya ugonjwa.

Tukipanda Ngorongoro tunakuta hofu ya namna nyingine. Mama wa Kimaasai hupunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo na kuzaa kuwe kwepesi. Wageni humkaripia kwamba ni mjinga. Si ujinga hata kidogo! Aishiye mbali na chumba cha upasuaji, asiye na gari, anaogopa kufa, na hofu yake ina hesabu. Tangu mwaka 2022, kaya zilipoanza kuhamia Msomera wilayani Handeni, imeongezeka nyingine: hajui atajifungulia wapi, wala kama mama yake mzazi atakuwa karibu siku hiyo. Hata tukiambiwa mara mia kwamba kuhama ni kwa hiari, tumbo lenye wasiwasi halitulizwi na tangazo.

Kliniki tunapima uzito, presha na damu, nami nawashukuru wauguzi wetu wanaofanya hayo kwa uchovu mwingi. Ila moyo hauulizwi. Yapo maswali 10, yaliyotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, yanayojibiwa kwa dakika chache. Mojawapo huuliza kama mama amewaza kujidhuru. Na asije mtu akasema hatuna madaktari wa akili. Huko vijijini Pakistani wahudumu wa kawaida wa afya walifundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona tangu ujauzito. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa wenzao waliotembelewa bila mafunzo hayo.

Bikira Maria alipochukua mimba alikwenda nchi ya milima kwa Elizabeti, akakaa huko miezi mitatu hivi. Injili haisemi popote kwamba Elizabeti alimdai cheti cha ndoa kabla ya kumkaribisha ndani.

Kwa hiyo, viongozi wa jumuiya, mabinti walioondolewa kwaya warudishwe Jumapili hii, na wasisimamishwe mbele ya watu kuomba radhi. Nanyi akina baba, siku ya kliniki fuataneni na wake zenu, mkae nao kwenye benchi mpaka waitwe.