Mwanafunzi wa Kijapani Asinyimwe Hadithi za Upelelezi

Ipo kasumba iliyoota mizizi miongoni mwa baadhi ya walimu wa lugha za kigeni, nayo ni kudhani kwamba kitabu kinachosisimua hakiwezi kufundisha. Mwanafunzi wa Kijapani huwekwa miaka miwili, mitatu, akisalimiana na watu wa kubuni, akiuliza njia ya stesheni na kuagiza chai. Akithubutu kushika hadithi fupi ya upelelezi huambiwa kwamba hizo ni porojo, asubiri fasihi yenyewe. Waliokua na Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla wanaijua dharau hiyo. Madhara yake si madogo: wapo wanaoacha kujifunza kabla ya kuuonja hata ukurasa mmoja ambao Mjapani aliwaandikia Wajapani wenzake.

Hapana budi ieleweke ugumu wenyewe uko wapi. Msemaji wa Kiswahili amezoea kitenzi kinachombeba mtendaji na mtendwa: akisikia “alimwua” anajua yupo aliyeua na yupo aliyeuawa. Kitenzi cha Kijapani hakina viambishi vya namna hiyo. Hueleza kwamba kuua kumetendeka, na mtendaji, akidhaniwa kuwa anajulikana, huachwa nje ya sentensi. Tena kitenzi hukaa mwisho kabisa pamoja na ukanushi wake, hata msomaji asijue kama jambo lilikuwa au halikuwa mpaka afike kwenye nukta. Je, ni maandishi gani yanayomlazimisha msomaji kuuliza kila mara “nani alitenda?” kama si hadithi ya upelelezi? Katika mazungumzo ya dukani akimkosea mtendaji hapotezi kitu. Katika hadithi ya mauaji amemtia hatiani asiyehusika.

Itazamwe “Mauaji ya Kilima cha D”, hadithi ya Edogawa Ranpo ya 1925, ambamo mpelelezi Akechi Kogoro anatokea kwa mara ya kwanza. Mke wa mwenye duka la vitabu vikuukuu anakutwa amekufa. Wanafunzi wawili walimwona mtu kupitia nafasi za fito za mlango wa ndani. Mmoja asema alivaa kimono cheusi; mwenziwe ashikilia kwamba kilikuwa cheupe. Aliyetosheka na neno “mlango” katika kamusi, bila kujua mlango huo wa Kijapani umeundwaje, hatafuata hoja hata moja inayojengwa juu ya fito hizo. Lakini aliyezitafuta hatazisahau, kwa kuwa shingo ya mtu inazitegemea.

Wako watakaojibu kwamba tafsiri zipo. Zipo. Mkusanyo wa Kiingereza wa hadithi tisa za Ranpo ulitoka 1956, na kazi yake inastahili heshima: mfasiri James B. Harris alisema Kijapani lakini hakuweza kukisoma, naye Ranpo alisoma Kiingereza bila kuweza kukiandika, wakaenda sentensi kwa sentensi kwa miaka mitano. Hata hivyo, tafsiri itafanya nini mbele ya “Sarafu ya Shaba ya Seni Mbili” ya 1923? Fumbo lake limefumwa kwa herufi sita za dua ya Buddha Amida na nukta sita za maandishi ya vipofu, na hila nyingine imejificha katika tahajia iliyoachwa baada ya mageuzi ya 1946. Pale Mjapani anapocheka, mfasiri hana budi kueleza.

Ni kweli kwamba si kila hadithi inamfaa mwanafunzi mchanga. Zile za Okamoto Kido juu ya Hanshichi, zilizoanza kutolewa 1917, zimejaa desturi na vyeo vya Edo. Anayeanza nazo anajitafutia adhabu. Aanze na “Harikomi” ya Matsumoto Seicho, ya 1955, yenye lugha kavu isiyo na mapambo. Humo mpelelezi aliyejibanza katika nyumba ya wageni anamtazama siku baada ya siku mke wa mtu akifanya kazi zake za nyumbani. Maneno yale yale ya kila siku yanarudi, safari hii yakiwa na hofu ndani yake.

Wala kisingizio cha gharama hakikubaliki. Ranpo alifariki 1965, na tangu 2016 maandishi yake hayana mwenye hakimiliki nchini Japani. Maktaba ya Aozora Bunko huyatoa bure. Mwalimu anayelalamika kwamba hana vitabu vya kumpa mwanafunzi wake hajavitafuta.